Siku Niliyoitikia Jina la Jirani

Mjukuu wangu wa kike anasomea kilimo. Wa kwanza katika ukoo wetu wote kuvaa lile koti jeupe la shule, na mimi silifichi jambo hilo, kila anayepita mbele ya nyumba yangu analisikia. Juzi alikuja na karatasi za kazi yake ya shule akaniuliza: "Nkambo, serikali ilishakusaidia na shamba hata siku moja?" Nilimwambia ndiyo, mara moja. Akachukua kalamu. Nilianza kumweleza, akaweka kalamu chini, akasema hayo hayawezi kuingia kwenye zile karatasi. Basi nayaandika mimi, polepole, maana masista walinifundisha miaka miwili tu na mengine nilijifunza kwa kusoma mifuko ya unga.

Kwetu ni upande wa Lubudi. Nilikuja Kolwezi kwa treni, nimeolewa na kijana wa umeme wa Kampuni ya shaba, na nilipofika kambini sikujua hata kufungua bomba la maji. Aliyenionyesha ni jirani wa mlango wa pili. Alikuwa mshonaji, mume wake alifanya kazi karakana moja ya shimoni na mume wangu. Yeye alizaliwa pale pale kambini. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai, zamani za wazungu, kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona, hata mlima wake mmoja. Nakuambia hili mapema ili ujue nani alikuwa mgeni kati yetu wawili.

Miaka hiyo tulikula kwa Kampuni. Kila mwezi kulikuwa na poso: unga wa bukari, ndio ugali wetu, maharage, mafuta, samaki wa chumvi. Mwanamke wa kambi hakushika jembe. Tuliwacheka wanawake wa vijijini wenye matope miguuni, hata mimi niliyekuwa nimeacha matope hayo jana. Halafu Kampuni ikaanza kuugua. Poso ikapungua, ikachelewa, ikakatika. Mishahara ikawa inatoka wakati bei ya unga imeshapanda mara mbili. Ndipo mabibi wa kambi wakaanza kuniuliza mimi, wa Lubudi, namna ya kushika jembe, na kweli nilitembea kwa maringo miezi ile.

Nilimchukua mshonaji tukaenda kutafuta msitu uliobaki ng'ambo ya mgodi wa Mutoshi. Tulifyeka sehemu mbili zinazogusana, kila mmoja ya kwake, na katikati tuliacha kichuguu kikubwa kama nyumba kiwe mpaka. Mimi nilipanda kama mama yangu alivyopanda: mahindi hapa, mihogo pale, maharage yanapanda juu ya mahindi, maboga yanatambaa yanakotaka. Yeye alipanda kwa mstari. Alifunga uzi kwenye vijiti viwili akafuata uzi ule kama anayepiga cherehani. Nilimwambia mahindi hayavai gauni. Akaniambia, kwa Kiswahili chetu cha kambi, "Na yako yanakaa kama bantu balitoka kilabuni."

Mwisho wa kiangazi cha pili ilikuja habari kwamba serikali itasaidia wakulima. Mji hauna unga, Kampuni inaanguka, basi kila atakayelima mahindi atapimiwa shamba, ataandikwa, na kabla ya mvua atapewa mifuko miwili ya mbolea, mfuko wa mbegu, na pesa kidogo ya kulipia palizi. Wengi hawakuamini. Mimi sikuwaza kuamini wala kutoamini. Nilitaka kuona tu. Serikali niliyoijua ilikuwa ile ya kuchukua: kodi, baiskeli isiyo na karatasi, kuku barabarani. Hii inayotoa inafananaje? Inavaa nini?

Ilivaa miwani na viatu vya ngozi. Agronomu, bwana shamba wa serikali, alifika peke yake kwa pikipiki, mtu mwembamba, na mnyororo mrefu wa kupimia ndani ya mfuko. Nilimfuata tangu asubuhi. Nilitaka kujua mtu wa ofisini anawezaje kujua shamba linaanzia wapi.

"Mama, shamba yako inaishia wapi?" aliniuliza.

"Inaishia pale minachoka, tata," nilimjibu, ndivyo tunavyomwita baba.

Aliandika kitu. Sijui aliandika nini, na mpaka leo ningependa kujua. Akanyoosha mnyororo, akapiga kona pale penye kichuguu, akakizunguka.

"Na hiki?" nikasema. "Hiki njo chenye udongo muzuri kuliko yote. Angalia maboga."

"Kichuguu hapana, mama. Serikali hailipe kichuguu."

"Na maboga yenye iko juu?"

"Hailipe maboga. Inalipa mahindi tu."

"Kumbe serikali inakula bukari bila mboga."

Mshonaji alikuwa amekaa chini anacheka mpaka anashika mbavu. "Unamufuata ule bwana kama mbuzi yenye kuona chumvi," aliniambia kwa sauti, ili naye asikie. Agronomu hakucheka, lakini masikio yake yalicheka, niliyaona yakisogea. Alipofika kwenye shamba la mshonaji alisimama muda mrefu akiangalia ile mistari iliyobaki ya mahindi makavu. Kisha akauliza nani alimfundisha. Mshonaji akasema, "Cherehani." Tuliandikwa siku ile ile, karatasi ile ile, jina lake mbele kwa sababu herufi yake ni ya mbele, jina langu chini kabisa.

Mvua ilianza. Msaada haukuja. Tulipanda mbegu zetu wenyewe, tulizozificha wakati wa njaa. Mahindi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu wakati yale mambo ya kufukuza watu yalipoanza.

Sitasema mengi, kwa sababu wengine waliosema mengi ndio waliotuharibia. Wakubwa walisema kwenye redio na kwenye mikutano kwamba Kampuni inakufa kwa sababu ya watu wa Kasai, kwamba kazi ni zao, nyumba ni zao, warudi kwao. Vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba, wakihesabu milango. Kwanza waliandika alama ukutani, baadaye hawakuandika tena. Kwa siku chache nusu ya mtaa wetu ilikuwa barabarani na magodoro kichwani, kuelekea gare ya treni. Jirani yangu alitoka mchana, bila kulia, amebeba kichwa cha cherehani ndani ya kanga, mume wake na ile meza yake ya chuma, watoto watatu nyuma. Watu walikuwa wananunua vitu vyao kwa bei ya kuiba. Nami nilinunua. Sufuria zake mbili kubwa. Nilijiambia namsaidia. Sufuria hizo bado ninazo na kila mtu anayekula kwangu amekula kutoka humo, basi nimesema.

Treni haikuja. Ikaja moja, ikajaa, ikaondoka, halafu wiki nzima hakuna. Maelfu ya watu walilala gare, chini ya mahema ya plastiki na vipande vya bati. Tulisikia kwamba katika treni ya kwanza watoto walikufa njiani kwa kuhara na njaa, kwamba walizikwa kando ya reli, treni ikisimama kidogo tu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza kuhara.

Nilikwenda kumwona na viazi vitamu ndani ya beseni. Mlangoni askari aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilimjibu kwa kinywa cha Lubudi, akanipisha bila kuangalia kitambulisho. Kinywa tu. Nilikaa nikiwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi.

Nilimkuta amekaa juu ya cherehani yake kama kuku anayeatamia. Tulikula kiazi kimoja wawili. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ule tata wa mnyororo. Balisema bantu bake banalipa."

Habari ilikuwa imemfikia hata pale. Kweli, siku ile ile lori la serikali lilikuwa limeingia mjini, na ilitangazwa kwamba waliopimiwa mashamba wataitwa majina keshokutwa, shuleni kwa mission.

"Jina yangu iko?" alisema.

"Iko. Nilikuwa pale wakati aliandika."

"Mi siwezi kuya. Nikitoka hapa, nafasi yetu ku treni inakamatwa. Na kule barabarani..." Alimwangalia mtoto wake mdogo aliyelala, midomo imekauka. "Dawa iko ku soko. Chumvi, sukari, biskuti ya njia. Pesa ya ile palizi ingetosha. Shamba nililima, mama. Nililima mi mwenyewe."

Hakuniomba. Hilo ndilo lililonisumbua. Angeomba, ningemwambia sina.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikuwa kwenye kiti, hana kazi, anatengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Muitikie."

Wake wa kambi wote tulilijua jambo hilo. Asubuhi, kabla ya kushuka shimoni, kapita, msimamizi wao, alikuwa anaita majina ya timu nzima. Mtu akiwa mgonjwa, au amelewa, au amefiwa, rafiki yake anaitikia kwa ajili yake, ili siku isikatwe na watoto wasikose poso. Hawakuona kuwa ni uongo. Waliona ni adabu. Aliyekataa kuitikia kwa ajili ya mwenzake, siku ya kuugua kwake alikuwa anaugua peke yake. Mume wangu alikuwa ameitikiwa mara nyingi kuliko anavyopenda kusema.

"Lakini mi nitaitikiaje?" nikamuuliza.

"Unasema prezan, kama kusema niko. Ubadilishe sauti kidogo. Halafu jina yako ikiitwa, unasema tena prezan na sauti yako. Tulifanya vile miaka yote."

Ilionekana rahisi. Nilijaribu sauti mbili usiku wakati napika, moja ya juu, moja ya kifuani, watoto wakadhani nina mafua.

Siku ya kuitwa majina uwanja wa shule ulijaa. Wanawake wengi, wanaume wachache. Lori lilikuwa na mifuko juu. Agronomu alikaa nyuma ya dawati la wanafunzi, magoti yamepita meza, ana karatasi, kibweta cha wino wa buluu, na bahasha ndani ya sanduku la bati. Askari mmoja kando. Na ukutani, miguu inaning'inia, vijana sita au saba wa wale waliokuwa wakiimba. Hawakuwa na shamba. Walikuja kuangalia.

Tuliambiwa mbegu ni ya msimu ujao sasa, kwa kuwa mahindi yameshaota. Ilikuwa imetiwa dawa, nyekundu kama midomo ya mwanamke wa baa, na baadaye nilisikia wako walioiosha, wakaisaga, wakala, wakatapika siku mbili. Walidhani ni poso. Serikali au Kampuni, mfuko ni mfuko.

Majina yakaanza. Kila aliyeitwa alikwenda mbele, akaangaliwa usoni, akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi, akapewa bahasha na mifuko. Mimi nilikuwa naangalia vidole. Nilikuwa sijawahi kuona vidole vingi hivyo kwenye karatasi moja, na nilijiuliza yule wa juu kabisa atakayeisoma anaona nini. Anajua hiki ni cha mama mnene na hiki cha mjane? Nilikuwa nimezama humo wakati jina lake lilipoitwa.

Ni jina ambalo hata mtoto angejua limetoka upande gani. Vichwa vikageukia ukutani. Mmoja ukutani akacheka: "Ule alishaenda kwabo." Agronomu akashusha kalamu ili apige mstari.

"Prezan," nikasema.

Nilisahau kubadilisha sauti. Ilitoka ile ile yangu, ninayoitia kuku.

Aliinua macho. Nilitembea mpaka pale dawatini. Aliniangalia, na hapo ndipo nilipokumbuka nilichokuwa nimekisahau siku mbili nzima kwa sababu ya mawazo ya shimoni: mtu huyu nilimfuata asubuhi mpaka jioni nikimsumbua. Kama kuna uso mmoja anaoujua katika Kolwezi yote, ni wangu.

"Weye njo huyu?" akauliza, kidole kwenye jina.

"Mi njo huyu."

"Shamba yako iko wapi?"

"Ng'ambo ya Mutoshi. Kando ya ile ya ule mama mwenye kusema sana."

Alivua miwani akaifuta. "Ule mama wa kichuguu."

"Ule ule."

"Namujua. Alinichokesha siku muzima."

"Pole, tata."

Mmoja wa vijana akaruka kutoka ukutani. Alikuwa mtoto wa mtaa wetu, nilimwosha akiwa na umri wa siku mbili, mama yake alikuwa na homa. "Mama," akasema, "tangu lini weye ni Mukasai?"

"Tangu asubuhi."

Watu wakaguna. Askari alisogea hatua moja, sikujua kwa ajili yake au yangu. Kijana akasogea naye. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona mshono wa mfuko wake, ule mshono wa kurudia mara mbili ambao mkono mmoja tu kambini ulikuwa unaufanya.

"Iyo suruali," nikamwambia, si kwa ukali, nilitaka kujua kweli, "ulimaliza kumulipa mwenye kuishona?"

Akajiangalia miguuni. Mama mmoja kwenye mstari akasema kwa nyuma, "Hakumaliza, nilikuwa pale," na wengine wakacheka, kicheko cha woga lakini kicheko. Kijana alirudi ukutani. Hakupanda tena, alisimama tu kando yake kama mtu anayesubiri mtu mwingine.

"Kidole," akasema agronomu.

Nikabonyeza. Bahasha nikaiweka kifuani, mifuko watu walinisaidia kuishusha. Nikarudi mahali pangu, nimefurahi sana kuhusu mimi mwenyewe. Nilikaa hivyo majina mengi. Nilikuwa tayari nawaza namna nitakavyolieleza kwa mume wangu.

Halafu nikaangalia kidole changu. Kilikuwa buluu mpaka kwenye kucha. Nilikipaka mate, nikakisugua kwenye kanga, kanga ikawa buluu na kidole kikabaki buluu. Nikawaza cha kushoto. Nikawaza kumwambia mwanamke wa pembeni aniitikie, lakini naye kidole chake kilikuwa kimeshabonyezwa, na wote waliobaki walikuwa wanasubiri majina yao wenyewe. Shimoni watu wanaitwa kabla ya jua, wamevaa kofia za chuma, na kapita anaangalia karatasi. Mume wangu alikuwa amenipa hila nzuri ya gizani, nami nikaibeba mpaka uwanjani saa nne asubuhi.

Agronomu aliita jina langu. Aliliita akiangalia karatasi tu. Akasubiri. Akaliita tena, na mara ya pili alilitamka taratibu, silabi kwa silabi. Watu waliokuwa wananijua walinigeukia. Mimi niliangalia juu ya paa la shule. Katika maisha yangu jina langu limeitwa kanisani, hospitalini, hata kwa mahakama ya kimila siku ya ugomvi wa mbuzi, na sijawahi kutoliitikia. Siku ile niliacha lipite. Alipiga mstari. Nilisikia kalamu.

Nimewaza sana kuhusu karatasi ile. Mahali fulani, kama panya hawajaila, imeandikwa kwamba siku hiyo jirani yangu alikuwepo, aliyekuwa amefukuzwa kila mahali pengine. Na mimi, ambaye hakuna aliyenifukuza, sikuwepo.

Mume wangu aliponiona na mifuko ya shamba moja akauliza, "Na yetu?"

"Ilipita."

"Haukubadilisha sauti?"

Nilimwonyesha kidole. Alikiangalia muda mrefu, akarudi kwenye redio yake. Baadaye akasema, kama anajisemea, "Juu kuna mwanga mingi." Hakunilaumu tena baada ya hapo, lakini jioni zile za bukari bila mboga aliitamka mara mbili tatu.

Gare nilifika mchana huo huo. Nilimpa bahasha ndani ya beseni, chini ya sombe, majani ya mihogo. Hakuifungua. Alinishika mkono akaugeuza.

"Uliweka kidole kwa jina ya nani?"

"Yako."

"Na yako?"

"Iko ku nyumba."

"Unadanganya mubaya," alisema. "Ungekuwa na bitu yako ungekuya na kelele." Akatoa bahasha, akataka kuigawa nusu. Nikakataa. Akaniita mjinga, nikamwita Mukasai, tukacheka, halafu hakuna aliyecheka tena, kwa sababu neno hilo lilikuwa limeshaharibiwa na wengine. Mume wake akaondoka na pesa kwenda kutafuta dawa kwa mtu aliyekuwa anauza vidonge kwenye ukuta wa gare kwa bei ya dhahabu.

"Mbolea?" nikamuuliza.

"Niende nayo Kasai? Weka mu mahindi."

"Ya nani?"

Alifikiri. Treni yoyote ingeweza kufika dakika hiyo na yeye alikaa akifikiria mahindi. "Anza na yangu," alisema. "Yako haina mustari, utapoteza."

Treni yao iliondoka baada ya siku tatu. Sikuwepo, nilisikia filimbi nikiwa shambani. Sikumwona tena mpaka leo. Lakini misimu miwili baadaye mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Mwislamu wa upande wa Maniema, aliyekuwa anazunguka na mizigo kati ya huku na Kasai, aligonga mlango wangu. Alisema kuna mwanamke kule anashona karibu na soko, amemwambia ukifika Kolwezi mtafute mama fulani mwenye kusema sana. Ujumbe ulikuwa mfupi: walifika watano. Nilimwuliza yule mtu mara tatu, watano? Watano, akasema, na mdogo anapiga mpira.

Lakini hiyo ni baadaye. Kabla ya hapo nililima mashamba mawili bila kujua kama kuna mtu wa kumvunia. Nilianza na lake, kama alivyosema. Mbolea ilikuwa kama chumvi ya mawe, nilitia chini ya kila shina kwa kifuniko cha chupa, na mahindi yake yakawa ya kijani cheusi huku yangu yakinitazama kwa wivu.

Siku moja ya palizi nikasikia pikipiki. Agronomu. Alikuja kukagua kama waliopewa wametumia. Alisimama kando ya mistari ile akiangalia, kisha akaniuliza, bila kuangalia kwangu:

"Leo uko nani?"

"Inategemea umeleta nini."

"Sikuleta kitu."

"Basi leo niko mi mwenyewe."

Alikaa chini kwenye gogo. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanila tangu siku ile ya shule. Nililiuliza kwa kutaka kujua tu, sikuwa na hasira. Kwa nini aliniacha nipite? Alinijua. Angesema neno moja, wale vijana wangenifanya nini?

"Jina yenye haina mutu," akasema, "bitu yake inarudi ku ofisi. Na ku ofisi hakuna kitu inarudi ku serikali. Bakubwa banagawana. Nilikuwa na majina mingi ya bale bantu, mama. Karatasi mbili mizima. Weye peke yako njo uliitikia."

Karatasi mbili. Nilikuwa sijawaza kuhusu wengine. Niliona uwanja ule na mifuko iliyobaki juu ya lori, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu na sikujiuliza ya nani, mimi ninayejiuliza kila kitu.

Halafu nikauliza lingine. "Na bile byangu? Jina yangu ulipiga mustari. Nani alikula?"

Alirudisha macho kwenye mistari ya mahindi.

"Bakubwa?"

"Hapana," akasema. "Yako nilikula mi."

Alisema hajalipwa mshahara tangu mwaka wa nyuma. Alisema mbolea aliiuza Lubudi. Nilimwuliza pesa alinunua nini, maana nilitaka kujua shamba langu limekuwa nini duniani. Akasema unga, na viatu hivi. Tukaviangalia viatu wote wawili. Vilikuwa vya ngozi, vipya, vyenye matope ya kwangu.

Sikumtukana. Nilikuwa nimesimama na jembe mkononi, na upande wangu wa shamba, ule usio na mbolea, magugu yalikuwa yamefika kwenye magoti kwa sababu nguvu zangu zote zilikwenda upande wa pili. Serikali ilikuwa imeahidi pesa ya palizi. Mwenye pesa ya palizi alikuwa amekaa mbele yangu.

Nikampa jembe.

Aliliangalia, akaniangalia. Akavua viatu, akaviweka pamoja juu ya gogo, soksi ndani. Akakunja suruali. Nilikaa mahali alipokuwa amekaa yeye nikaangalia kama anajua kweli au ni maneno ya shule tu. Alikuwa anajua. Alipita kati ya mihogo bila kukata mzizi, na maharage yaliyokuwa yanapanda juu ya mahindi aliyainua kwa mkono wa kushoto, taratibu, akapalilia chini yake, akayarudisha.

"Usiruke pale," nikamwambia. "Kuna magugu mingine nyuma ya mihogo."

"Nimeona, mama," akasema, akaendelea.